Usukani Hauchomelewi

Siku ile dereva alirudi nyumbani kwa miguu, usukani wa lori ameubana kwapani. Sisemi kwa mafumbo. Usukani wenyewe, mduara mzima mweusi wenye spoki mbili nene, na katikati yake kimechomoza kipande cha chuma chenye urefu wa mkono wa mtu, ncha yake imezungushiwa kitambaa kama kidole chenye kidonda. Alipita mbele ya majirani bila kusalimia mtu, akaingia uani, akautua mzigo wake juu ya meza ambayo mama yake alikuwa anachambulia maharage.

Mama akautazama usukani. Kisha akamtazama mwanawe.

"Na lililobaki liko wapi?"

"Mtaroni, Mama. Pale karibu na kiwanda cha mbao."

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Umemuumiza mtu?"

"Hapana."

"Basi Mungu ashukuriwe. Niondolee hilo dude kwenye maharage yangu."

Lori lenyewe mtaa mzima ulilijua kwa jina la Shangazi, kwa sababu hakuwahi kufika mapema, na akifika lazima kila mtu asikie. Lilikuwa mali ya marehemu baba wa yule dereva, mzee mmoja mcheshi ambaye mkono wake wa kushoto ulivunjika ujanani na haukunyooka tena. Kwa lori hilo alibeba mchanga, mbao, matofali na vyombo vya watu wanaohama. Na asubuhi moja ya mvua alimbeba mkewe mwenye uchungu kumpeleka hospitali. Wakakwama kwenye tope, na mtoto hakuwasubiri wajinasue. Alizaliwa palepale kwenye kebini, chumba cha dereva, juu ya kiti kati ya gia na mlango. Akapewa jina zuri la bibi yake, jina ambalo mpaka leo linaishi kwenye vyeti tu. Watu wanamwita Kebini.

Kebini akawa fundi. Nasema fundi, si mshika tochi: miaka kumi na moja gereji, vidole vyake vinaijua nati iliyolegea kabla macho hayajaiona. Kaka yake akawa dereva. Baba aliwagawia hivyo tangu wakiwa wadogo, huyu aendeshe, yule atengeneze, na ulikuwa mgawanyo mzuri usio na ugomvi. Kaka hakuwahi kushika spana, wala Kebini hakuwahi kumtoa Shangazi nje ya geti. Aliendesha magari yote ya wateja, makubwa kwa madogo, lakini Shangazi alikuwa wa Kaka. Ukiuliza sababu, utaambiwa ndivyo ilivyo.

Basi Kebini aliposikia habari aliacha gari la mteja likiwa juu ya jeki akaenda mtaroni. Alimkuta Shangazi ameinamisha pua kwenye majani, kebini wazi, na mahali pa usukani pana shimo. Akafungua bolti nne, akavua bomba la nje, akakikuta kipande cha shafti kilichobaki. Shafti ni kile chuma kirefu kinachotoka kwenye usukani kwenda chini kwenye boksi la kugeuza magurudumu. Ikivunjika, dereva anabaki anazungusha hewa. Kebini akakibana kile kipande kwa spana ya bomba, akafunga mnyororo kwenye trekta la watu wa kiwanda, akaketi, akaanza kuliongoza lori kwa spana. Alirudi nalo nyumbani polepole namna hiyo, mtaa mzima umetoka nje unamcheka.

"We Kebini, unaendesha lori au unakoroga uji?"

"Leta bakuli!" akawajibu.

Lakini pale uani kicheko kiliisha. Kaka alikuwa amesimama karibu na tangi la maji na mwanamume mnene aliyevaa sumaku ndogo shingoni kwa kamba. Huyo ni Bwana Chakavu, mnunuzi wa vyuma vikuukuu, mtu ambaye hata ukimwalika kwenye harusi atagusisha sumaku yake kwenye viti.

"Pole sana, mwanangu," akamwambia Kebini, huku tayari anaibandika sumaku kwenye bampa. Ta! Ikanata. Akatabasamu.

"Limefika mwisho," Kaka akasema, bila kumtazama dada yake. "Spea zake hazitengenezwi tena. Nimeongea na mzee hapa. Atakuja kulikata."

Kebini akaruka chini na spana yake mkononi. "Kulikata? Shangazi? Kwa shafti moja?"

"Usukani umenitoka mkononi! Ulikuwepo wewe?"

Wakaanza kurushiana maneno, na Bwana Chakavu akarudi nyuma hatua mbili kwa adabu, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Mama akanyanyuka na ungo wake.

"Nyamazeni. Kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi. Lakini pia sitaki kuzika mtoto kwa ajili ya gari." Akamgeukia mnunuzi. "Wewe njoo Ijumaa na mitungi yako ya gesi. Na wewe, Kebini, una siku nne. Ijumaa lori litoke hapa, lipande mlima wa soko, ligeuke juu, lirudi uani kabla ya adhuhuri. Likirudi, linabaki. Lisiporudi, likatwe, na asije mtu kunililia."

Kesi ikaisha. Hakuna rufaa kwa mama yule.

Kebini hakupoteza muda. Akauchukua ule usukani, akaketi chini kwenye kivuli cha Shangazi, akafungua kitambaa kilichozungushiwa ile ncha ili aone chuma kilivunjikaje. Alikuwa anajiuliza toka mwanzo: mtu aliyeponea chupuchupu anapata wapi moyo wa kufunga kitambaa kwenye chuma? Chini ya kitambaa palikuwa na grisi, imepakwa nene. Akaifuta kwa mafuta ya taa. Na hapo akaona.

Palikuwa na mshono. Mshono wa kuchomelea, umezunguka shafti nzima, mbaya, wenye matuta. Chuma kilikuwa kimekatika sawasawa pembeni yake.

Sasa, kila fundi mwenye akili anajua kitu kimoja, na baba yao alikuwa akikisema hata mezani: geti linachomelewa, bampa linachomelewa, kitanda kinachomelewa, usukani hauchomelewi. Moto unakikaanga chuma, kinakuwa kigumu na kikavu, na siku moja kinakatika bila kukuaga.

Alimfuata kaka yake nyuma ya nyumba. Hakupaza sauti.

"Nani alichomelea?"

Kaka aliukodolea macho ukuta. "Mwaka jana ilipata ufa. Ningekuambia, ungesimamisha lori mwezi mzima. Nikaenda kwa yule wa njia panda. Dakika kumi tu."

"Ukamwambia Mama umefunga mpya."

"Ndiyo."

"Kaka, wiki iliyopita Mama alikaa pembeni yako ukiteremka ule mlima."

Mwanamume mzima akaketi chini kama gunia lililokatwa kamba. "Unafikiri silijui hilo? Nikifumba macho naona mlima tu. Ndiyo maana nataka likatwe, Kebini. Likatwe, liondoke na hii aibu."

Kebini alikuwa na hasira ya kutosha kumwagia ndoo ya maji. Lakini pia alimwonea huruma, na vitu hivyo viwili vikikaa kwenye kifua kimoja havielewani. Mficha maradhi kifo humuumbua, alitaka kumwambia, akaona kifo chenyewe kimeshamchungulia na kumkonyeza. Methali ya nini tena?

"Sitamwambia Mama," akasema. "Utamwambia wewe."

Kesho yake asubuhi alikwenda kutafuta shafti mahali pekee palipoweza kuwa nayo. Mahali hapo ni kwa Bwana Chakavu. Mnacheka? Yeye hakucheka. Alipita kati ya marundo ya milango na rejeta mpaka akakuta, chini ya injini tatu, mabaki ya lori la ukoo mmoja na Shangazi, na ndani yake usukani mzima: bomba, shafti, beringi, kila kitu, kikavu na kizima, hakijaguswa na moto.

Bwana Chakavu alicheka mpaka sumaku ikamrukaruka kifuani. "Mwanangu, umekuja kuomba dawa kwa mchimba kaburi?"

"Mchimba kaburi ndiye anayejua nani hajafa."

"Chukua, chukua! Hata sikudai kitu. Ijumaa nitairudisha pamoja na lori lenyewe."

Alifika nayo nyumbani, akaipima, akaipima tena, akatukana kidogo. Ilizidi vidole vinne. Lori lile la ukoo mmoja lilikuwa na kebini ndefu zaidi, na chini, pale shafti inapoingia kwenye boksi, meno yake hayakufika yanapotakiwa kufika. Mtu mvivu angekata katikati, akatoa vidole vinne, akachomelea. Dakika kumi tu.

Kebini akaipeleka kwa mkerezaji.

Mkerezaji, yaani mchonga vyuma, alikuwa mzee mwenye mashine ya kukereza iliyomzidi umri, na kelele zake zilikuwa zimemla masikio, kwa hiyo alizungumza na dunia nzima kwa kupiga kelele. Alishika shafti, akaigonga kwa nyundo ndogo, akaiinamia kama daktari.

"CHUMA KIZURI! UNATAKA NIKICHOMELEE?"

"Hapana, Mzee! Kata mwishoni! Chonga meno mapya!"

"EH?"

"MENO MAPYA!"

Mzee akamtazama kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini. "WEWE NI MTOTO WA YULE MWENYE MKONO! ALINIAMBIA HIVYOHIVYO! LAKINI NI KAZI YA SIKU MBILI!"

Na kweli zilikuwa mbili, kwa sababu siku ya kwanza umeme ulikatika saa tatu ukarudi saa kumi, na mzee hakubali kuchonga meno kwa macho ya kukadiria. Kebini alikaa pale kwenye stuli siku zote mbili, anashika kipimo, anamwaga mafuta ya kupoza, anatazama vipande vya chuma vikijikunja na kuanguka. Kila jino lilipimwa kwa kuingizwa kwenye kikombe kinachoipokea shafti kwenye boksi la Shangazi, alichokuja nacho mfukoni. Likikaza, linapunguzwa unywele. Likicheza, wanaanza upya, na lilicheza mara moja, na mzee akatoa maneno ambayo mtaa wote uliyasikia. Alhamisi mchana meno ya mwisho yaliingia kwa mlio mmoja tu, klok, na yakakaa kimya.

Jioni hiyo Kebini alifunga kila kitu. Beringi ya juu, beringi ya chini, grisi mpya, bolti nne za bomba, ile ya kubana kikombe na pini yake ya usalama. Mwisho akanyoosha magurudumu ya mbele kwa kamba iliyovutwa kutoka nyuma, kama anavyofanya kwa kila gari, akauweka usukani spoki zake mbili zikiwa sawa kama mizani, akakaza nati. Akauzungusha kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Ulikuwa mwepesi na imara, haupigi hata kelele. Alitaka kuimba. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa karibu, aliimba.

Ijumaa saa nne Bwana Chakavu alifika na pikapu yake, mitungi miwili ya gesi, kiti cha kukunja na chupa ya chai. Alijipangia kivulini kama mtu aliyekuja kutazama mpira. Majirani nao, ambao kwa kawaida hukumbuka kufagia nje pakiwa na jambo la kutazama, wote walikuwa wanafagia.

Pale gereji kwa akina Kebini kuna sheria ambayo haikuandikwa popote: aliyefunga breki au usukani ndiye anayepanda gari siku ya majaribio. Ukiogopa kupanda, maana yake hukufunga. Kwa hiyo Kebini alipanda, akaketi kiti cha abiria. Kaka akashika usukani.

"Liko sawa, Kaka. Nakuapia."

"Haya. Twende."

Shangazi akakohoa, akanguruma, akatikisa mabati ya majirani. Wakaanza kwenda. Geti lilikuwa hatua ishirini mbele yao, jembamba, likiacha shibiri moja kila upande. Kaka alilipita geti lile kila siku kwa miaka kumi na tano, hata hakulitazama tena. Na sasa, hatua kumi kabla ya kufika, lori likaanza kwenda kushoto. Kaka akarudisha kulia. Likanyooka. Mikono yake ikatulia, na lori likaenda tena kushoto, taratibu, kama ng'ombe aliyeona majani.

"Kaka, kulia!"

"Nimelinyoosha! Limenyooka!"

Gragh! Bampa likaingia kwenye rundo la matofali kando ya geti, na matofali yakamwagika uani kama mahindi. Injini ikazima.

Kisha ikasikika sauti ya mtu anayefunga chupa ya chai.

"Bado saa moja na nusu ifike adhuhuri," Bwana Chakavu akasema kwa upole, "lakini naweza kuanza kuunganisha mipira."

Kaka akafungua mlango, akaruka chini. "Linavuta kushoto! Mmeona wenyewe! Halifai, Mama, nilisema, halifai!" Na akageuza uso.

Kebini alikuwa ameshaingia chini ya lori, mgongo kwenye vumbi, anashika nati moja baada ya nyingine kwa mkono mtupu. Hii imekaza. Na hii imekaza. Pini ipo. Meno yapo. Kama ni kosa lake, basi anajua ni kosa gani na atalirekebisha. Lakini kosa hakuliona, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alitoka chini, akatazama magurudumu ya mbele. Yameelekea kushoto. Akatazama usukani. Spoki ya kushoto imeinama kuelekea goti la dereva.

Akasimama palepale.

"Kaka. Panda."

"Sipandi tena."

"Usiwashe. Panda tu, kaa kama unavyokaa siku zote. Fumba macho."

"Mambo gani haya?"

"Kaa, nakuomba. Sasa nyoosha lori. Kwa mikono tu. Nyoosha kabisa, kama uko kwenye barabara ndefu."

Kaka akafumba macho, akashika usukani, akauzungusha kidogo huku na huku kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kulaza kichwa. Mikono yake ikapata mahali pake, ikatulia. Spoki ya kulia ilikuwa juu. Ya kushoto ilikuwa chini, karibu na goti.

"Hapo," akasema. "Hapo limenyooka."

"Fungua macho. Tazama magurudumu."

Alichungulia dirishani. Magurudumu yalikuwa yanatazama rundo la matofali.

Ni Mama aliyeelewa kwanza baada ya Kebini, na alicheka, jamani, alicheka hadi akaegemea tangi la maji. "Mkono!" akasema. "Mkono wa baba yenu! Ulikuwa haunyooki, haufiki juu. Akaung'oa usukani akaupachika upande, spoki imfuate mkono pale chini. Mimi mwenyewe nilimshikia spana! Nilikuwa na mimba yako wewe!" Na akamwonyesha Kaka kwa kidole.

Haya, sasa fikirini. Mtoto anajifunza kuendesha kwenye lori moja tu, kwa baba mmoja tu, mwenye mkono mmoja mzuri. Maisha yake yote hajashika gari jingine. Usukani uliopinda kwake ndio ulionyooka, na Kebini naye aliuona umeinama hivyo tangu alipozaliwa pembeni yake, akauona kama mtu anavyoiona pua ya mama yake: haikumjia kuuliza kwa nini iko hivyo. Alipofunga upya alifunga kama wanavyofunga mafundi wote duniani. Samaki mkunje angali mbichi, na samaki wetu huyu alikunjwa mapema mno.

"Basi urudishe ulivyokuwa," Kaka akasema haraka, uso umemchangamka. "Ng'oa, usogeze meno matatu, mimi nitaendesha. Ni nati moja tu!"

Kebini alishika spana. Ilikuwa kweli, ni nati moja, dakika kumi tu. Akalisikia lile neno kichwani mwake, dakika kumi tu, na akairudisha spana mfukoni.

"Hapana. Mkono ndio uliopinda, Kaka. Lori halikupinda. Nikipinda leo kwa ajili yako, kesho atapanda mtu mwingine ataingia ukutani." Akavuta pumzi. "Sogea. Naendesha mimi."

Majirani wote wakaacha kufagia.

"Wewe? Hujawahi kumtoa nje!"

"Mama hakusema nani aendeshe. Alisema lori lipande na lirudi. Si ndivyo, Mama?"

Mama alishajifunga khanga yake vizuri kiunoni na alikuwa anakanyaga ngazi ya kebini. "Ndivyo. Na mimi napanda."

"Mama, ngoja kwanza tujaribu..."

"Nilikuzaa juu ya kiti hiki nikiwa nimekwama kwenye tope. Leo nitaogopa barabara kavu? Sogeeni huko."

Wakaketi watatu, Mama katikati, Kaka mlangoni amekamata kishikio kwa mikono miwili. Kebini akawasha. Akarudi nyuma kidogo kuyaachia matofali, akanyoosha spoki zake kama mizani, akalitazama geti. Shibiri huku, shibiri kule. Shangazi akapita katikati bila kugusa hata kutu.

Barabarani Kebini alizisikia zile nati zote kwa mikono yake. Kila shimo lilipanda kupitia magurudumu, kupitia boksi, kupitia meno ya mzee mkerezaji, likafika viganjani, likamwambia: niko hapa, niko hapa. Wakapita kiwanda cha mbao, wakapita ule mtaro, na Kaka akautazama mtaro mpaka ukabaki nyuma. Kisha mlima. Gia ya tatu, ya pili. Kwenye kona kali, palepale ambapo Mama angekufa wiki iliyopita bila kujua sababu, Kebini akaukata usukani wote kulia, na lori zima, tani zote zile za chuma kizee, likamtii. Alipiga yowe. Hakujizuia, wala hakuona haya. Wachuuzi wa juu sokoni waligeuka kuona ni nani anashangilia ndani ya Shangazi, na alipogeuza pale juu kwa mkupuo mmoja, bila kurudi nyuma hata mara moja, walimpigia makofi.

Mama alikuwa amekaa wima kama malkia, anapungia watu ambao hata hawafahamu.

Kwenye kuteremka, Kaka alifumba macho. Kebini alimwona. "Fungua," akamwambia taratibu. "Mlima ni huuhuu. Tazama tunavyoushuka." Akafungua. Akatazama mpaka chini, machozi yanamtiririka, na hakuyafuta.

Waliingia getini zikiwa zimebaki dakika ishirini kufika adhuhuri, na waliingia kinyumenyume, kwa madaha tu, maana Kebini naye ni mtoto wa baba yake. Pikapu ya Bwana Chakavu ilikuwa njiani. Ikabidi abebe kiti chake, chupa yake na mitungi yake, aisogeze. Majirani walishangilia kuliko siku ya harusi. Mkerezaji, ambaye hakuna aliyemwona akifika, alipiga kelele, "NILISEMA CHUMA KIZURI!"

"Haya," Bwana Chakavu akasema akijikuna kidevu, maana hakuwa mtu wa kinyongo, "nimeshindwa. Nimekuja kuchukua lori, nimepoteza hata shafti yangu."

"Huendi mikono mitupu, mzee," Kaka akasema.

Akaingia ndani, akatoka na kile kipande kilichovunjika. Hakikuwa na kitambaa tena. Akakiweka mkononi mwa yule mnunuzi mbele ya watu wote. Bwana Chakavu akasogeza sumaku, ta, ikanata. Kisha akakigeuza kwenye mwanga na tabasamu likamtoka.

"Hii imechomelewa," akasema. "Mwendawazimu gani alichomelea shafti ya usukani?"

Kebini aliinamia nati za gurudumu, akaanza kuzihesabu ingawa alijua ni sita.

"Mimi," Kaka akasema. "Mwaka jana. Nikamwambia Mama nimefunga mpya. Nikampandisha humo."

Hakuna aliyefagia. Mama alishuka ngazi ya kebini polepole, akaja akasimama mbele ya mwanawe. Mkono wake ukapanda, na watu wakadhani kofi linakuja. Ukatua shavuni, ukafuta yale machozi kwa nguvu, kama unavyomfuta mtoto mdogo makamasi.

"Kama ungeniua," akasema, "ungebaki na hilo peke yako mpaka kufa. Nashukuru umelisema nikiwa hai." Kisha akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Kaka alianza kujipapasa mfukoni, halafu akakumbuka. Ufunguo ulikuwa kwa Kebini. Mama akageuka, akaviona vidole vya binti yake vyeusi kwa grisi vimeushika, akavifunga juu yake kwa mikono yake miwili.

"Ukae palepale ulipo," akasema. "Na wewe, dereva, kesho asubuhi utapanda upande wa abiria. Utamtazama mdogo wako mpaka mikono yako inyooke."

"Itachukua muda gani, Mama?"

"Muulize fundi."

Kaka akamgeukia Kebini. Alikuwa na tofali mkononi. Ameshaanza kupanga upya lile rundo alilolimwaga.

"Mwezi mzima," Kebini akasema. "Hatufanyi vitu vya dakika kumi hapa."